Mashine Isiyojua Jina Lake

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Mwanjelwa kuna kompyuta ndogo za tachi, za inchi nane au kumi, zenye kibodi ya kuchomeka na kuchomoa. Chukua mojawapo, iwashe kwa Linux, mfumo endeshi wa programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), kutoka kwenye flashi, kisha andika amri hii:

cat /sys/class/dmi/id/product_name

Hapo unaiuliza mashine jina lake. Laptopu ya mtumba iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya itajibu mara moja: "HP EliteBook 840 G3", au "Latitude E7250". Ile ya tachi, mara nyingi, itajibu: "To be filled by O.E.M." Kwa Kiswahili chetu: mtengenezaji ajaze hapa. Hakujaza. Kiwanda kilichukua BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, kwa anayeiuza, kikaipachika kama ilivyokuja, na nafasi ya jina ikabaki wazi mpaka kifaa kikafika Mbeya.

Anayetaka kuelewa kwa nini waandishi wa programu huria huviacha baadhi ya vifaa vya bei chee aanzie kwenye jibu hilo. Wengi huku Nyanda za Juu Kusini hudhani ni dharau, kwamba watu wa Linux wana mashine za bei mbaya na hawamjali mnunuzi wa kipato cha chini. Sivyo. Bei haiwasumbui hata kidogo. Kinachowashinda ni kifaa kisichojitambulisha, kisicho na maandishi ya kueleza kinavyofanya kazi, na kinachobadilishwa matumbo huku jina la nje likibaki lilelile.

Tuanze na tachi yenyewe. Vioo vya kompyuta hizi mara nyingi huendeshwa na chipu ya Silead, ya familia ya GSL1680. Chipu hiyo ikiwashwa haina kitu kichwani. Kila mara lazima ipakiwe fameweya, yaani programu ya ndani ya chipu, na fameweya hiyo hutengenezwa kwa ajili ya kioo kimoja maalumu. Juu ya hapo draiva, programu ya kuendesha kifaa, inahitaji kujua kioo kina nukta ngapi kwa upana na kwa urefu, kama wima wake umepinduliwa, na kama pande zake mbili zimebadilishana nafasi. Upande wa Windows, hayo yote yamefungwa ndani ya draiva ambayo kiwanda kiliiweka kabla ya kufunga boksi. BIOS haisemi lolote.

Ndiyo maana ndani ya kerneli, kiini cha Linux, kuna faili liitwalo touchscreen_dmi.c. Kazi yake ni kuorodhesha kompyuta za namna hii moja baada ya nyingine, na kwa kila moja kuandika vipimo vya kioo chake na jina la faili la fameweya. Kerneli ikiamka inasoma jina la mashine, inalitafuta kwenye orodha, inaipa chipu inachostahili. Sasa mashine ishirini za viwanda tofauti zikijibu "ajaze hapa", utazitofautishaje? Wanaolitunza faili hilo, Hans de Goede akiwa mstari wa mbele kwa miaka mingi, walilazimika kutumia hata tarehe ya BIOS kama alama ya utambulisho. Yaani kifaa kinatambuliwa kwa siku ambayo BIOS yake iliandikwa, kama mzee asiye na cheti cha kuzaliwa anayejulikana kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Kiwanda kikipachika BIOS nyingine kwenye mzigo unaofuata, tarehe haioani na tachi haiamki. Na mashine nyingine ikitokea kuwa na majibu yaleyale, itapewa vipimo visivyo vyake: unagusa kulia, mshale unarukia kushoto.

Fameweya yenyewe ni mali ya watu na hakuna ruhusa ya kuisambaza. Tangu mwaka 2020, kwa baadhi ya vifaa, Linux hupekua kumbukumbu ya UEFI (BIOS ya kisasa) wakati wa kuwaka, ikitafuta nakala ya fameweya iliyoachwa humo, iichukue na kuipakia kwenye kioo. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye ujuzi wa hali ya juu, na ameifanya kwa ajili ya kompyuta ambayo kiwanda chake kimeshaisahau.

Na kioo ni mwanzo tu. Nyingi za mashine hizi zina prosesa ya Atom Z3735F, RAM ya GB 2 na hifadhi ya eMMC ya GB 32. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI iliyowekwa ni ya biti 32. Flashi yenye Linux ya kawaida ya biti 64 haionekani kabisa kwenye orodha ya kuwashia mpaka kuwe na faili la bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT. Debian walianza kulishughulikia jambo hili kwenye toleo la 8, mwaka 2015. Mifumo mingine mpaka leo unaweka faili hilo kwa mkono. Ukishawasha, kerneli za zamani huganda kabisa baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa, kwa sababu prosesa inaingia usingizi mzito na haiamki vizuri. Dawa yake ni kuongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwashia, na gharama yake ni betri kwisha haraka.

Jina moja, matumbo mawili

Kifaa cha Wi-Fi cha USB ndicho kinachowaumiza watu wengi zaidi, kwa kuwa ni kidogo, bei yake ni ya sahani ya chipsi kuku, na kila maabara ya shule inakihitaji. Chukua mfano unaojulikana dunia nzima: TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271. Draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya kerneli, na hata msimbo wa fameweya yake uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Toleo la pili na la tatu lina chipu ya Realtek RTL8188EUS. Jina ni lilelile na umbo ni lilelile. Tofauti ni maandishi madogo ya "Ver" kwenye kibandiko. Ukichomeka na kuandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, la kwanza hujibu 0cf3:9271, na la pili 2357:010c.

Mwalimu wa TEHAMA wa Makambako anayesoma kwamba TL-WN722N inafanya kazi vizuri na Linux, akaagiza ishirini Kariakoo zije kwa basi, hajakosea kusoma. Aliyemshauri naye hakusema uongo. Ila kilichoshuka kwenye basi si kile kilichosifiwa, na kukirudisha Dar es Salaam ni nauli nyingine.

Sasa tazama upande wa mwandishi wa draiva. Chipu ile ya RTL8188EU iliingia kwenye kerneli mwaka 2013 kupitia staging, eneo ambalo draiva mbovu huwekwa ili zisafishwe kabla ya kukubaliwa. Msimbo ulikuwa wa kampuni, umejaa tabaka za kuuwezesha kuendesha mifumo mingine ambayo Linux haina haja nayo. Watu wa kujitolea waliusafisha kwa karibu miaka kumi. Mwaka 2023 ukafutwa wote, kwa sababu draiva nyingine iitwayo rtl8xxxu, iliyoanzishwa upya na Jes Sorensen kwa kufuata utaratibu wa Linux, ilikuwa tayari imejifunza kuiendesha chipu hiyo. Miaka kumi ya kusafisha, kwa kifaa cha bei ya chipsi kuku, na katikati ya miaka hiyo kiwanda kimeshatoa 8188FTV, 8192EU, 8811CU na nyingine, kila moja ikitaka kazi yake.

Watu huuliza: kama kampuni imetoa draiva yake, si tuitumie tu? Inatumika, na ndipo maumivu yanapoanzia. Linux haiahidi kwamba milango ya ndani ya kerneli, ambako draiva hujiunga nayo, itabaki palepale. Hubadilishwa kila toleo ili msimbo wote uendelee kuwa safi. Draiva iliyo ndani ya kerneli hubadilishwa pamoja na milango hiyo, na anayeubadilisha mlango ndiye anayewajibika kuirekebisha. Draiva iliyo nje hubaki peke yake. Unaijenga leo kwa DKMS, zana ya kuijenga upya kila kerneli ikibadilika, inafanya kazi. Mwezi ujao apt, kisakinishi cha programu, inaleta kerneli mpya, DKMS inashindwa kuijenga, kompyuta inawaka bila Wi-Fi, na marekebisho yako mtandaoni ambako huwezi kufika. Likikupata hilo, chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuongezewa draiva yoyote. Bando kidogo linatosha kushusha msimbo uliorekebishwa. Au washa upya na kwenye menyu ya kuwashia ya GRUB uchague kerneli ya zamani, ambayo bado ipo.

Kwa miaka mingi aliyekuwa akizishika draiva hizi za Realtek zisivunjike, ndani na nje ya kerneli, alikuwa Larry Finger, mzee wa Marekani aliyefanya kazi hiyo kwa kujitolea. Alifariki Juni 2024. Ukisikia kwamba waandishi wa programu huria wamegoma kusaidia kifaa fulani, jua kwamba mara nyingi nyuma ya kifaa hicho kulikuwa na mtu mmoja tu, au hakuna mtu kabisa. Na si kwamba hawajajitoa: Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, alitangaza kwamba wataiandikia draiva bure kampuni yoyote itakayotoa maelezo ya kifaa chake, hata kama kampuni itataka mkataba wa kutunza siri. Sharti lilikuwa maelezo, au mhandisi wa kampuni wa kujibu maswali. Mwenye kiwanda kisicho na jina hana la kutoa.

Boksi la TV

Hakuna kinachoonekana dili kuliko boksi la TV. Juu limeandikwa RAM GB 4, hifadhi GB 64, biti 64, 4K. Mtu anapiga hesabu: hii ni kompyuta nzima, niwekee Linux, niipe shule au niifanye seva ya duka. Hesabu ni nzuri. Tatizo ni kwamba maandishi ya kwenye boksi na vitu vilivyo ndani ya boksi havijuani.

Lifungue. Skrubu hufichwa chini ya miguu ya mpira. Kama hakuna skrubu, ingiza kadi ya plastiki kwenye mshono na uizungushe taratibu mpaka vishikizo viachie. Ondoa kipande cha alumini kilichobandikwa juu ya prosesa, usome. Ukikuta RK3229, hizo ni kore nne za Cortex-A7, na Cortex-A7 ni biti 32, liwe limeandikwa nini kwenye karatasi. Kisha soma namba za chipu za RAM na utafute ukubwa wake. Zinapimwa kwa gigabiti, hivyo gawanya kwa 8: chipu nne za gigabiti 2 kila moja ni gigabiti 8, yaani GB 1. Ile GB 4 inayoonekana kwenye mipangilio ya Android ni namba iliyoandikwa tu. Mfumo wenyewe umechakachuliwa ili useme hivyo.

Ukitaka ushahidi usiobishika, tafuta kwenye bodi matundu matatu au manne yaliyopangwa mstari mmoja, yenye alama za GND, TX na RX. Huo ndio mlango wa siria, bodi inapotolea ujumbe wake inapowaka. Chomelea waya tatu tu, GND kwa GND na TX kwa RX na RX kwa TX, na tundu la umeme usiliguse. Kibadilishi cha USB cha kuunganisha mlango huo na laptopu yako kiwe cha volti 3.3, cha volti 5 kinaweza kuua mlango huo. Kwa prosesa za Amlogic na Allwinner kasi ya mlango ni biti 115200 kwa sekunde. Kwa Rockchip, zile za RK, ni 1500000, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama: wanaona herufi za ajabu wanadhani bodi imekufa, kumbe kibadilishi chao cha CP2102 hakifiki kasi hiyo. CH340, ambacho ni cha bei ya chini zaidi, kinafika. Washa umeme, na mistari ya kwanza kabisa, kabla Android haijaamka na kuanza kudanganya, itataja kumbukumbu iliyokutwa, mfano: Size=1024MB.

Mwandishi wa programu akipewa boksi hili anakutana na nini? Kwanza, prosesa za ARM za namna hii hazina BIOS ya kuueleza mfumo nini kiko wapi. Linux inategemea faili la ramani ya bodi, dtb, linalosema Wi-Fi iko kwenye mlango upi, kidhibiti umeme kiko kwenye waya upi, taa iko wapi. Ramani hiyo huandikwa kutoka kwenye mchoro wa bodi, na mchoro haujatolewa. Pili, RAM lazima iamshwe kwa vipimo vyake, na kwa Rockchip na Amlogic kazi hiyo mara nyingi hufanywa na kipande cha programu kilichofungwa kinachotoka kwa mtengeneza chipu. Tatu, bodi inayofanana kwa macho yaweza kuwa na Wi-Fi ya RTL8189 kwenye mzigo huu, SSV6051P kwenye mzigo ule, ESP8089 kwenye mwingine, kutegemea kilichopatikana sokoni wiki ile. Nne, hifadhi yaweza kuwa eMMC, ambayo ni kawaida, au NAND tupu (chipu ya hifadhi isiyo na kidhibiti chake), ambayo kwa Rockchip za zamani husomeka vizuri kwa draiva iliyofungwa tu. Zidisha hayo yote kwa kila jina la boksi lililoko sokoni. Hakuna orodha itakayotosha.

Kisheria kuna mlango, kwa kuwa kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2: anayekuuzia kifaa chenye kerneli hiyo anatakiwa akupe msimbo ukimwomba. Umwombe nani? Boksi halina jina la kiwanda, na mwenye duka aliletewa katoni.

Ndiyo sababu mradi wa Armbian, unaotengeneza Linux kwa bodi ndogo za ARM, haukuyaweka maboksi ya TV kwenye orodha ya bodi unazozisaidia rasmi. Wenye nayo wameachiwa wasaidiane wenyewe. Nauona uamuzi huo ni wa haki. Kila saa inayotumika kutafuta kwa nini boksi la mtu mmoja halina sauti ni saa iliyonyang'anywa bodi ambayo maelfu wanayo na mchoro wake upo. Na kuna la usalama: mwaka 2023 maboksi ya T95 yenye prosesa ya Allwinner yalikutwa yana programu hasidi iliyopachikwa tangu kiwandani, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya mtandao wa BADBOX 2.0 uliojengwa juu ya vifaa kama hivyo. Kufuta Android na kuweka mfumo safi kungekuwa tiba nzuri, kama bodi ingejieleza.

Kama boksi tayari unalo na ndani kuna Amlogic S905X au S905W, una nafasi ya kujaribu bila kuharibu kitu, kwa sababu utawasha kutoka kwenye kadi. Andika picha ya Armbian ya Amlogic kwenye kadi ya SD nzuri. Fungua faili la extlinux/extlinux.conf kwenye sehemu ya kuwashia, na kwenye mstari wa FDT weka ramani iliyo karibu na yako: meson-gxl-s905x-p212.dtb kwa S905X, au meson-gxl-s905w-p281.dtb kwa S905W. Nakili faili la u-boot-s905x-s912 ulipe jina u-boot.ext. Ingiza kadi, choma kijiti cha meno ndani ya tundu la AV mpaka usikie kitufe kikibonyea, shikilia, chomeka umeme, achia baada ya sekunde chache. Ikiwaka bila Wi-Fi, usihangaike nayo. Tumia waya wa mtandao. Na usikimbilie kuandika kwenye hifadhi ya ndani kabla hujaitumia kadi siku kadhaa.

Printa nitazigusa kwa ufupi. Canon LBP2900 imejaa kwenye steshenari za karibu na vyuo, Iyunga mpaka Iringa mjini, na ni mashine ngumu kweli kweli. Lakini haielewi PostScript wala PCL, lugha za kawaida za printa. Inazungumza CAPT, lugha ya Canon yenyewe, na kompyuta ndiyo inayofanya kazi yote ya kuchora ukurasa. HP LaserJet 1020 nayo kila ikizimwa inasahau fameweya yake, na kompyuta lazima iipakie upya kabla ya kuchapa. Kukatika kwa umeme mara moja kunatosha kumfanya mwenye steshenari aamini Linux imeharibu printa, kumbe fameweya haikupakiwa tena. Ukinunua printa kwa ajili ya Linux, tafuta yenye maandishi ya PCL, PostScript au AirPrint.

Vya bei chee visivyo na shida

Wanaosema rahisi ni ghali wamekosea hapa. Kipanya cha bei ya chini kuliko vyote pale Kabwe kitafanya kazi na Linux, kwa kuwa vipanya vyote hufuata kanuni moja ya USB iitwayo HID, na draiva moja inatosha. Kamera nyingi za USB hufuata UVC, kanuni ya kamera, ambayo imo kwenye kerneli tangu 2008. CH340 niliyoitaja ni chipu ya senti chache. Kifaa cha Wi-Fi chenye MediaTek MT7601U, kinachojibu 148f:7601, ni kidogo kama ukucha na draiva yake imo ndani ya kerneli tangu 2015. Waandishi hawajavikimbia hivi. Wamevikumbatia, kwa sababu kila kimoja kinajitaja na hakibadiliki.

Hata kifaa feki hupata msaada kikijitaja. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha USB na siria, ilitoa draiva ya Windows iliyofuta namba ya utambulisho ya chipu zilizoigizwa, ikaandika sifuri, zikaacha kutambulika. Upande wa Linux, draiva iliongezewa namba hiyo ya sifuri ili vifaa vya watu viendelee kufanya kazi.

Kwa kompyuta, laptopu ya mtumba iliyokuwa ya ofisi, Latitude au ThinkPad au EliteBook yenye kadi za Intel, ni bora kwa Linux kuliko kompyuta mpya ya tachi ya bei hiyohiyo. Chipu zake zina maelezo, zilitengenezwa kwa wingi, na waandishi wenyewe wamekuwa wakizitumia kazini.

Kabla ya kulipa, jaribu. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi yenye Debian 12 au mpya zaidi, ile ya live inayowaka bila kusakinishwa. Kuanzia toleo hilo fameweya zisizo huria zimo ndani ya flashi, hivyo kadi nyingi za Wi-Fi huamka zenyewe. Flashi nayo ipime kwanza kwa f3probe, maana flashi zinazodai GB nyingi kuliko zilizonazo ni nyingi mno. Kumbuka kipimo hicho kwa chaguo la --destructive huharibu vilivyomo. Dukani, omba kuwasha: F12 kwa Dell na ThinkPad, Esc kisha F9 kwa HP, F7 au Esc kwa hizi zisizo na jina. Muuzaji akikwambia kaka hii mpya haifunguliwi mpaka ulipe, mwachie. Ikiwaka, andika lspci -nnk na uangalie chini ya kila kifaa kama kuna mstari wa "Kernel driver in use". Usipokuwepo chini ya kadi ya mtandao au ya sauti, hilo ndilo litakalokusumbua nyumbani. Kisha lsusb, kisha nmcli dev wifi list uone kama mitandao ya jirani inaonekana, kisha speaker-test -c 2 -t wav usikie sauti pande zote mbili, kisha ifunike na kuifunua uone kama inaamka. Dakika kumi.

Kifaa cha Wi-Fi kikionekana kama CD na kujibu 0bda:1a2b, hakijafa. Kinajifanya diski yenye draiva ya Windows. Kigeuze:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Na kama chipu inajulikana ila namba ya kifaa chako haimo kwenye draiva, mwenye mashine anaweza kuiongeza mwenyewe kwa kuandika namba mbili za lsusb kwenye faili la new_id la draiva hiyo, chini ya /sys/bus/usb/drivers. Ikifanya kazi, usiishie hapo. Waandikie watunzaji, uwatumie toleo la kerneli, dmesg (kumbukumbu za kerneli) yote bila kuikata, matokeo ya lsusb -v, na picha ya chipu inayosomeka. Wakikutumia kiraka cha kujaribu, kijaribu wiki hiyo hiyo na uwajibu hata kama kimeshindikana. Mwandishi aliyeko Uholanzi hana kifaa chako mkononi. Macho yake ni wewe.

Lile faili la touchscreen_dmi.c limejazwa kwa namna hiyo, na wenye vifaa. Mtu ana kompyuta moja ya tachi, anatoa tarehe ya BIOS, jina la bodi, nukta za kioo, anaeleza kama wima umepinduliwa, anatuma mistari michache. Matoleo mawili ya kerneli baadaye, atakayenunua kompyuta ya mzigo uleule huko Tukuyu ataiwasha, ataigusa, nayo itaitika pale alipogusa.